Mwaka Mmoja Matiri

Sisi watu wa pwani tukisikia kuwa fulani amekwenda kufundisha ugenini, mara fikira zetu huvuka bahari zikafika Maskati au London. Mimi nalikwenda ugenini bila ya kuvuka mpaka wowote. Naliondoka Kilwa mwezi wa Juni 2024, nikapita Lindi, Masasi, Tunduru na Songea, hata nikafika Matiri, kata iliyomo katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Lugha niliyoikuta ni Kiswahili kile kile, bendera ni moja na fedha ni moja. Na juu ya hayo, kwa miezi mitatu ya mwanzo nalikuwa kama mtu aliyetupwa katika nchi asiyoijua hata jina.

Walioniita ni jamaa wachache wa Kiislamu, wafanya biashara na watumishi wa serikali, waliotaka watoto wao 19 wapate mwalimu wa Kurani. Mshahara haukuwapo. Palikuwa na chumba, chakula, na ahadi ya nauli ya kurudi.

Jambo la kwanza lililonishika ni baridi. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kali katika nchi ile ya milima, na mtu aliyezaliwa Kilwa hajui maana ya kutawadha alfajiri kwa maji yaliyolala nje. Vidole vilikufa ganzi hata vifungo vya kanzu vikanishinda. Jirani yangu, mama mmoja Mkristo, alipoona hali yangu aliniletea blanketi na jiko la mkaa, wala hakungoja kuombwa.

La pili ni nguruwe. Wakristo ndio walio wengi sana huko, kwani mapadri wa Kibenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na nyumba nyingi hufuga mnyama huyo. Kijana wa kwetu akimwona anapita mbele ya mlango wake hudhani amefanyiwa kusudi. Sivyo hata kidogo. Yule mama wa blanketi alinieleza kuwa nguruwe ndiye benki yake: mtoto akidaiwa sare au daftari, mmoja huuzwa. Basi naliweka ndoo ya maji mlangoni, nikajifunza njia za kupita, maisha yakaendelea.

Lililo zito zaidi lilitoka kwangu mwenyewe, yaani katika jina la mji wangu. Siku moja mzee mmoja wa kijiji aliniuliza, "Shehe, kwenu wapi?" Nikamjibu, Kilwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kilwa ndiko walikopelekwa watu wetu." Wasomaji vijana pengine hawajui kuwa katika karne ya 19 ilikuwako njia kuu ya misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, na kwamba pamoja na pembe za ndovu walipita humo watu wengi waliofungwa minyororo, wakauzwa pwani na Unguja. Katika vitabu vyetu vya shule ni mistari michache tu. Kwa mzee yule ni habari ya jamaa zake. Sikuwa na la kumjibu, nami naona si haki kumwambia mtu wa namna hiyo kuwa mambo hayo yamekwisha pita.

Hata hivyo wiki mbili baadaye alikuja kabla ya jua kuchomoza, mkono mmoja jogoo na mwingine kisu. Alikuwa na arusi ya mjukuu, na katika wageni walikuwamo Waislamu. Akataka nimchinjie ili wote wale sahani moja. Tangu siku ile kila penye arusi au kipaimara naligongewa mlango alfajiri. Desturi hii imeenea katika Tanzania nzima, nasi tumeizoea hata hatuioni. Lakini huko, ambako Mwislamu wa kuchinja hupatikana kwa kutafutwa, naliiona thamani yake.

Palikuwapo na mgeni mwenzangu, kijana wa Kijerumani aliyejitolea kufundisha sekondari. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao weltwärts, wa kuwapeleka vijana wa miaka 18 hadi 28 wakafanye kazi ya kujitolea nchi za mbali. Yeye alishangazwa na mambo ambayo mimi sikuyaona kabisa: wingi wa wanafunzi katika darasa, watoto kumwita "mzungu" kutwa, na fimbo ya mwalimu, ambayo ilimliza. Nami nilishangazwa na yeye, kwamba anaweza kukaa peke yake chumbani siku nzima asione upweke. Tulipata mazungumzo mazuri jioni, kila mmoja akimtafsiria mwenziwe Umatengo kwa ujinga wake.

Wote wawili tulikubaliana juu ya ngoro. Hiki ni kilimo cha Wamatengo, na ukitazama mlima kutoka mbali utadhani umefunikwa kwa masega ya nyuki. Mvua zikielekea kwisha, mnamo Machi, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, maharage yakapandwa juu ya matuta. Mashimo hushika maji, na udongo hauporomoki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walikuja kuisoma elimu hii katika miaka ya 1990.

Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia Machi hiyo hiyo, ndipo nikagundua jambo. Baadhi ya nyumba zilikuwa zikifuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam. Lakini Mbinga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi nne za longitudo, na kila uzito mmoja ni dakika nne. Kwa hiyo jua huko huchelewa kutua kwa robo saa na zaidi. Tena si vyema kulitegemea jua linapofichwa na mlima. Naliwatoa wanafunzi mahali pa wazi na saa mkononi, tukaandika wakati wa machweo siku saba mfululizo, na orodha ile wakaipeleka majumbani mwao. Kibla nacho hutofautiana: Kilwa twaelekea karibu kaskazini kamili, Matiri huelekea mashariki kidogo.

Naliondoka Julai 2025. Wanafunzi watano walikuwa wamehitimu kusoma msahafu, na 14 wako njiani. Nimewauliza vijana wanne wa hapa Kilwa. Wawili wamekataa kwa ajili ya baridi, mmoja kwa ajili ya nguruwe, na wa nne anafikiri. Chumba kingali kipo, na blanketi nimeliacha humo.