Squid Game Ilivyofika Kigombe: Mama Muuza Samaki Alivyoshtukia Kitu Ambacho Binti Hakumtafsiria

Wadau, leo hakuna skendo ya staa. Hakuna aliyeachana, hakuna aliyenunuliwa gari. Stori ya leo ni ya dada mmoja wa Kigombe, kule Tanga. Mafolowa wake hawafiki hata mia tatu, lakini kaangalia Squid Game kwa jicho ambalo wachambuzi wengi wa mjini hawakuwa nalo. Jina lake linabaki kapuni. Na tahadhari mapema: kama hujamaliza sizoni zote tatu, humu siri zinamwagwa.

Kwa wasioijua, Kigombe ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kwenye barabara ya pwani ya kutoka Tanga mjini kwenda Pangani. Wanasayansi wanaijua kwa silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Bahari ya pale imo ndani ya hifadhi ya silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009. Wenyeji, wao wana mambo yao na dagaa. Dada wetu na mama yake ndiyo kazi yao: kununua pwani, kuchemsha, kuanika, kuuza. Siku nyingine mama anakaanga samaki jioni.

Sasa Netflix imefikaje huko? Kwa njia ileile inayofika kwako usiyelipia. Binamu yuko Dar, ana akaunti, katoa paswedi. Dada ananunua bando la usiku, anapakua episodi mbili tatu wakati watu wamelala, kesho yake wanaangalia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Simu inaegemezwa kwenye sufuria, mama anavuta kigoda. Mama Kiingereza hakijui, kwa hiyo dada anasoma yale maandishi ya chini na kutafsiri papo hapo. Yaani amekuwa kama Lufufu, yule mkongwe wa Dar aliyekuwa anazipigia stori muvi za nje kwa Kiswahili enzi za vibanda umiza. Tofauti ni kwamba Lufufu alikuwa na ukumbi mzima, huyu ana mteja mmoja. Na mteja huyo ni mkali.

Sizoni ya kwanza ilitoka Septemba 2021, na kila mtu alizungumzia lile doli kubwa linalogeuza kichwa. Dada wetu doli halikumshangaza. Kilichomkaba ni episodi ya pili. Baada ya mchezo wa kwanza, kati ya watu 456 wamebaki 201. Wanapiga kura: tuendelee au tuondoke? Matokeo ni 101 kwa 100, wanaachiwa warudi makwao. Wameshaona wenzao wakipigwa risasi, na sasa wako huru kabisa. Halafu 187 wanarudi kwa miguu yao wenyewe. Ni 14 tu ambao hawakurudi.

Watu mtandaoni waliandika kwamba hapo stori haina akili, kwamba hakuna binadamu angerudi. Dada wa Kigombe alicheka aliposoma hayo. Alimwambia rafiki yake, "Hao hawajawahi kukopa kausha damu."

Kama una bahati ya kutoijua kausha damu, hesabu yake ni hii. Dada alikopa shilingi 300,000 za mtaji wa dagaa. Alitakiwa kurudisha 390,000 ndani ya siku 30, kila siku 13,000, Jumapili imo na sikukuu imo. Benki Kuu ya Tanzania imeshawawekea wakopeshaji wadogo kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo ule, riba halali ya mwezi ilikuwa 10,500. Yeye alidaiwa 90,000. Na usidhani wa mjini mmepona kwa kuwa nyie mnakopa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu hiyohiyo ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni.

Halafu kuna hesabu ambayo mkopeshaji wa mjini haijui. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa inahitaji giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na vyombo vingi vinapumzika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa bahari haitoi kitu, lakini 13,000 haijui mwezi umeandama lini. Ongeza na mvua. Dagaa wasipopata jua wanaoza kwenye chanja, na ndivyo ilivyotokea. Dada alilipa siku 15, siku ya 16 hana kitu. Akaanza kuwaza akope kwingine alipe huku. Kukopa harusi, kulipa matanga. Hapo ndipo alipowaelewa wale 187. Bunduki haikuwarudisha. Walirudishwa na kile walichokikuta nyumbani.

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe. Kuna mhusika anaitwa Sang-woo. Kasoma chuo kikubwa, mtaa mzima unamwonea fahari, mama yake anauza samaki sokoni na kila mteja anasimuliwa habari za mwanawe. Mama hajui kwamba mtoto kapoteza hela za watu, na kwamba duka lile la samaki na nyumba ameviweka rehani. Mazungumzo yanayofichua jambo hilo yalipofika, dada alinyamaza. Maandishi yakapita chini ya kioo, yeye kimya.

Kwa nini? Kwa sababu siku anakopa, mwenye mkopo alikuja nyumbani kupiga picha vitu vya dhamana. Mama alikuwa pwani. Kilichopigwa picha ni friji la mama, lile la kuhifadhia samaki. Dada akaweka sahihi.

Mama akasema, "Yule mwanamke ni muuza samaki mwenzangu. Mbona weye hujanambia wanasema nini juu yake?"

Dada akajibu, "Aa mama, wanasalimiana tu."

Mama hakubisha. Lakini mtu aliyekaa sokoni miaka mingi akipatana bei hahitaji maandishi kujua uso unaoficha kitu. Wakaendelea kuangalia. Wakamaliza gololi, pale Sang-woo anapomdanganya Ali, yule kijana wa Pakistan ambaye bosi wake alikuwa hamlipi mshahara. Mama alimtukana Sang-woo kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa.

Sizoni ya pili, iliyotoka Desemba 2024, wengi waliilalamikia kwamba inajivuta. Ni kweli, ina kura nyingi, watu wanagawanyika wa duara na wa alama ya kukosea, wanabishana. Ila humo kuna wahusika wawili ambao kwa Kigombe ndio sizoni nzima: bibi mmoja, mchezaji namba 149, na mwanawe namba 007. Kijana ana madeni. Mama kaingia kwenye mchezo kimyakimya ili apate hela za kumlipia. Mtoto naye kaingia kimyakimya. Wanakutana mle ndani, wote wamevaa nguo za kijani, kila mmoja anamshangaa mwenzake.

Safari hii dada alitafsiri kila kitu. Alipofika hapo, mama aliomba asimamishe picha. Akasema, "Mwanangu, mtoto akikopa, mama ndiye anayelipa. Afadhali angemwambia mapema, akamlipia wakiwa wote nje." Halafu, bila kugeuka, akauliza, "Weye unadaiwa shilingi ngapi?"

Basi. Yote yakatoka: 300,000, zile siku 15, friji, na ile sehemu ya muuza samaki iliyorukwa. Deni lililobaki lilikuwa 195,000, mbali na faini ambazo mkopeshaji alikuwa ameanza kuziongeza.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kwanza kama kuna karatasi ya kiwanja iliyotolewa. Haikutolewa. Hapo ndipo alipopumua, na sababu yake inaonekana kwenye tamthilia ya pili waliyoangalia baada ya hapo.

Hiyo ni Country Queen, ya Wakenya, iliyotoka Netflix Julai 2022, episodi sita tu. Akisa anarudi kijijini kwao Tsilanga baada ya miaka kumi Nairobi, anakuta kampuni ya madini inaitaka ardhi ya wanakijiji. Hii mama alijiangalizia mwenyewe sehemu kubwa kwa sababu Kiswahili kimo, ingawa kila dakika tano alikuwa anakisahihisha. Kwa mtu wa Tanga, Kiswahili cha Nairobi ni kichekesho tosha. Lakini stori hakuicheka. Tangu habari za lami ya barabara ya Tanga na Pangani zianze, viwanja vya pwani vimekuwa na wageni wengi wanaouliza bei. Mtu anayedaiwa 195,000 ndiye anayeuza kiwanja kwa bei ya kutupa, kesho yake anapita nje ya uzio akiangalia bahari yake. Mama alisema watu wa Tsilanga angalau adui yao alikuja na ofisi na magari, wakamwona. Deni linaingia ndani bila kubisha hodi.

Lililipwaje? Kwa mchezo. Si huo wa Wakorea. Ni mchezo wa akina mama, wanawake kumi, kila wiki kila mmoja 20,000, zinakuwa 200,000 za mmoja, wiki ijayo za mwingine. Hakuna riba, hakuna picha ya friji. Mama aliomba abadilishiwe zamu na mwenzake, akapewa. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, mkopeshaji akapokea 195,000 mbele ya watu, na faini zikafutwa alipoulizwa leseni yake iko wapi. Tusidanganyane, hata mchezo wetu una kijumbe anayeweza kuzama na hela za wenzake. Imeshatokea sehemu nyingi. Lakini ule mnajuana majina, hakuna anayeitwa namba.

Sizoni ya tatu, ya Juni 2025, waliimaliza juzi. Wapo waliochukia mwisho wake: Gi-hun anakufa ili kichanga kilichozaliwa mle ndani kibaki hai, na kichanga hicho ndicho kinachoshinda zile won bilioni 45.6. Dada anasema sizoni ya kwanza ndiyo bora, ya pili ingekatwa nusu, ya tatu ina siku zake. Mama anasema zote zilikuwa moja, na kwamba yule bibi namba 149 walimwonea. Kwenye sizoni hiyo bibi anamchoma kisu mwanawe mwenyewe ili kumwokoa mzazi wa kile kichanga, kisha anajinyonga. Mama aliondoka kwenda kugeuza dagaa ambao walikuwa wameshageuzwa.

Watu wanasema tamthilia za simu zinaharibu watoto na kumaliza bando. Inawezekana. Ila huko Kigombe, jambo ambalo binti alilificha wiki tatu lilisemwa kwa sababu ya bibi mmoja wa Kikorea mwenye namba kifuani. Wewe unayeangalia hii usiku chini ya shuka, ukiwa na ujumbe wa mkopo ambao hujaufungua: nani nyumbani kwenu hajui? Mwambie kabla hawajaja kupiga picha friji.