Waliopima Barabara ya Kwetu

Mjukuu wangu anasomea uhandisi Mbeya. Juzi tukishuka kutoka Tukuyu, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba barabara ya kijijini kwetu ilichongwa na Wachina. Najua alikoitoa hadithi hiyo: reli ya TAZARA ni kazi ya Wachina, na vijana wa leo wakiona kifusi na tingatinga hawaulizi zaidi. Lakini barabara yetu ilipimwa na vijana wa Kimarekani, na walioshika mnyororo wa kupimia ni baba zetu na wajomba zetu.

Walikuwa watu wa Peace Corps, shirika la kujitolea aliloliunda Kennedy Machi 1961. Mradi wake wa kwanza kutangazwa ulikuwa wa Tanganyika: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Wataalamu walihitajika: Mwalimu Nyerere hakuchoka kukumbusha kwamba Mwingereza alituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Kwetu Wamarekani hao walifika mwaka wa Uhuru au uliofuata. Kaka yangu anashikilia 1962, nami simbishii. Ninachokumbuka ni kwamba kahawa ilikuwa imeiva.

Kituo chao kilikuwa dukani. Mwenye duka, mzee wa Kinyakyusa, alikuwa amerudi kutoka migodi ya Afrika Kusini na cherehani ya mguu. Duka lake lilinuka mafuta ya taa, usipa mkavu wa Ziwa Nyasa na ngozi za ng'ombe, na harufu hiyo uliirudisha nyumbani ndani ya nguo. Mafuta aliyapima kwa kikopo cha bati, sukari akaifunga kwenye karatasi. Wazungu alikuwa amewajua chini ya ardhi, kwa amri na matusi. Siku moja akaingia kijana wa Kimarekani, viatu vimejaa tope, mzigo wa vigingi begani mwake mwenyewe. Akasema shikamoo, akasimama nyuma ya akina mama kungoja zamu yake. Mzee aliacha kushona. Toka siku hiyo kijana yule alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la barazani, na jioni wazee walimfundisha Kinyakyusa, maana Kiswahili alichokuja nacho hakikumfikisha mbali kwa bibi zetu.

Mchana alikuwa na mjomba wangu. Mjomba hakuwa na cheti chochote, ila mvua za Rungwe alizijua. Kijana alipoelekeza mstari wa barabara katikati ya bonde, mjomba alikataa kusimika fimbo. Akamwonyesha matete. Pale pana chemchemi, alisema. Masika maji yatatoka chini na kuibeba barabara yote. Walibishana mpaka jua likazama. Asubuhi kijana akahamisha mstari, akaupandisha ukingoni, wakakwepa na makaburi ya ukoo mmoja. Hajawahi kuzama mtu pale, na mjomba akamaliza kazi ile akijua kusoma darubini ya kupimia na kuweka mteremko wa mtaro.

Yule kijana alizeeka kwao Marekani, akawa ananiandikia barua. Kila barua ilirudi kwenye matete yale. Aliandika kwamba masomo ya chuo yalimfundisha kupima ardhi, na mjomba ndiye aliyemfundisha kuiuliza.

Mwaka 1969 Peace Corps waliondoka nchini. 1979 wakarudi, baadaye wengi wakiwa walimu wa sayansi na hisabati. Machi 2020 korona ikawaita nyumbani kutoka dunia nzima.

Leo mitaro ile imejaa chupa za plastiki. Watu wamejenga vibanda juu yake, kisha mvua ikikata barabara wanailaumu serikali. Na wanaojitolea wa siku hizi, wengine huletwa kwa wiki chache tu, wapake rangi ukuta wa darasa huku fundi rangi wa kijiji amekaa kando hana kazi. Wanaondoka na picha. Hakuna anayebaki na ujuzi mpya mkononi, na hilo linaniudhi kuliko tope.

Waliojitolea zamani wametunziwa kumbukumbu zao. Maktaba ya Kennedy, Boston, ina sauti zao zilizorekodiwa, na ni haki yao. Sauti za walioshika mnyororo ziko wapi? Mwenye duka ameshafariki, mjomba naye. Waliobaki ni wachache na masikio yao mazito. Nimemwambia mjukuu wangu aandike majina yao yote, kila mmoja na kipande alichopima, kisha ayapeleke halmashauri na shule ya msingi. Mhandisi anayetaka kuitengeneza barabara ile na aanze kwa kuyasoma.