Pembe ya Shamba

Katika kurasa hizi anajiita Mwalimu, maana ndivyo watu wa Epulu wanavyomwita. Ni Mkristo, mzaliwa wa barabara ya Mambasa, na alianza kushika chaki katika kijiji hicho cha Ituri, nchini Kongo, ambacho dunia inakijua kwa okapi wake. Tarehe 24 Juni 2012 waasi wa Mai-Mai Simba walivamia makao makuu ya Hifadhi ya Okapi, wakaua watu, wakapora, wakachoma nyumba. Okapi 14 waliotunzwa kituoni hakupona hata mmoja. Wanakijiji wakakimbilia msituni. Mwalimu akaenda mbali zaidi: Bunia kwanza, kisha ng'ambo ya mpaka, mpaka Mbale, mashariki mwa Uganda.

Huko alipata vipindi vya Kiswahili katika shule moja ya msingi, si mbali na kilima cha Nabugoye. Kilima hicho ndicho makao ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda. Aliisoma Torati, akavutana na Waingereza na wamisionari, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Idi Amin aliipiga dini yao marufuku. Walisali kwa kujificha mpaka alipoanguka Aprili 1979, Pasaka yao ikiwa inabisha hodi.

Kilichomshika Mwalimu kilimani pale ni jinsi watoto walivyofundishwa wema. Hawakuanza na huruma. Walianza na kipimo.

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinamkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake. Hizo ni za maskini na mgeni. Marabi wa kale waliuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: pembe ni kiasi gani? Wakaamua isipungue sehemu moja kwa sitini. Mwalimu anasimulia siku alipowakuta watoto kwenye kibustani cha maharage wakivuta kamba yenye mafundo, wakibishana. Mvulana mmoja alitaka pembe ya maskini iwe kule kwenye mawe, mahali ambapo maharage yalikuwa yamedumaa. Msichana aliyeshika ncha ya pili ya kamba akagoma kusogea. Mkubwa wao hakukemea. Aliwaeleza kwamba mwenye shamba haruhusiwi hata kumtengea nduguye sehemu ile, na kwamba maskini huvuna kwa mkono wake mwenyewe, kama Ruthu, mjane wa Kimoabu, katika shamba la Boazi. Kamba ikahamishwa.

Mwalimu anaamini, na analisema bila kusita, kwamba somo lile lina nguvu kuliko mahubiri ya mwaka mzima, kwa sababu mtoto hangojei moyo wake ulainike ndipo atoe. Anatoa, na moyo unafuata mkono.

Na watoto wale walikuwa na mifano hai ya watu wazima. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipanga utoaji katika ngazi nane, na ya juu kabisa ni kumwezesha mtu ajitegemee. Ngazi hiyo ilipandwa jirani nao: mwaka 2004 mkulima wa Kiyahudi, J.J. Keki, alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi jirani zake Waislamu na Wakristo wauze kahawa yao pamoja. Ndivyo ulivyozaliwa ushirika wa Mirembe Kawomera. Shule ya msingi ya Hadassah nayo hupokea watoto wa dini zote tatu.

Aliporudi Epulu, Mwalimu hakubeba dini mpya. Alibeba kamba. Darasani mwake wapo watoto wa wakulima na watoto wa Bambuti, wawindaji wa msituni, na dharau ya wale wa kwanza kwa hawa wa pili ni ya tangu zamani, tena inauma. Basi alimwomba mzee mmoja wa Kimbuti aje aeleze jinsi mboloko, yule paa mdogo wa msituni, aliyenaswa wavuni anavyogawanywa kambini: kuna sehemu ya mwenye wavu, na kuna nyama inayokwenda kwenye vibanda vingine kabla chungu hakijainjikwa. Watoto wa wakulima walikaa kimya. Hawakujua kwamba msituni nako kuna sheria ya pembe ya shamba.

Leo bustani ya shule ina mihogo na maharage, na mistari ya mwisho, ile iliyo kando ya barabara, haivunwi na wanafunzi. Wakubwa wana zamu ya kutembelea wagonjwa. Wanachota maji na kutafuta kuni, na ni mwiko kuondoka kabla ya kumuuliza mgonjwa anahitaji nini. Familia zilizokimbia mashambulizi zilipoanza kufika, watoto walibishana kama wageni nao wana haki ya mistari ile au ni ya maskini wa kijiji tu. Mwalimu aliwasomea tena sura ya 19. Wakaongeza mistari miwili.