Mama, Si Ulisema Tunaondoka?

Akina mama wenzetu, kuna uongo mdogo ambao mtu hausikii mpaka mtoto aurudie. Wa kwetu ulikuwa wa paundi moja na nusu.

Tunaishi Leicester, Uingereza, akina mama watatu tunaosali pamoja, na Jumamosi moja ya baridi kali tuliwapeleka watoto wetu watatu kwenye duka la kahawa karibu na soko. Watoto walitaka maziwa baridi ya ndizi. Sisi tulitaka chai. Msichana wa pale akatuuliza kama ilivyo desturi yao: mtanywea hapa au mtaondoka navyo?

Nyumbani, kwenye kibanda cha chai, hakuna anayekuuliza utanywea wapi. Ukitaka kibaraza, kaa. Ukitaka kwenda, nenda. Bei ni ile ile. Hapa, ubao wa bei uliandika maziwa ya ndizi paundi 2.50 kwa anayeondoka, na paundi 3 kwa anayekaa. Chai ilikuwa na bei moja kwa wote. Tukadhani ni ujanja wa mwenye duka. Tukajibu, "Tunaondoka," tukalipa, kisha tukaketi kwenye meza ya pembeni.

Hatujamaliza hata nusu kikombe, mtoto wa miaka saba akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika mpaka kaunta: "Mama, si ulisema tunaondoka?"

Mama yake akamwambia, "Nyamaza, kunywa." Msichana wa kaunta alitutazama mara moja akaendelea kufuta mashine yake. Ile chai haikushuka vizuri.

Jioni mwenzetu mmoja, ambaye mume wake hufanya hesabu za maduka, alituletea maelezo. Haukuwa ujanja wa duka. Ilikuwa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo Uingereza imekuwa nayo tangu mwaka 1973, na tangu 2011 kiwango chake cha kawaida ni asilimia 20. Vyakula vingi vya lazima hutozwa sifuri, na maziwa ni kimojawapo. Ukiyanunua baridi ukaondoka nayo, hakuna kodi. Ukiyanywea pale dukani, umehudumiwa kama mgahawani, basi asilimia 20. Yakichemshwa, asilimia 20 hata ukiondoka nayo, maana vyakula vya moto vya kubeba vilianza kutozwa mwaka 1984. Chai ya moto nayo ni hivyo hivyo, ndiyo sababu bei yake haikubadilika. Lakini majani ya chai kwenye pakiti ni sifuri! Juisi ya matunda na soda hutozwa, baridi au moto, ukae au uondoke.

Tulicheka mpaka machozi. Nani angeweza kukumbuka yote hayo akiwa na watoto watatu wanaovutana? Lakini kicheko kilikwisha tulipopiga hesabu yetu. Senti hamsini kwa kila kikombe, vikombe vitatu. Kodi ilikuwa ngumu kuelewa, lakini swali la yule msichana halikuwa gumu hata kidogo. Alituuliza tutanywea wapi, nasi tulijua jibu. Na yeye ndiye aliyebonyeza kitufe kisicho cha kweli kwa sababu yetu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi na watoto wale wale. Tukamweleza msichana, tukamwekea paundi moja na nusu juu ya kaunta. Alisema mauzo ya wiki iliyopita hayawezi tena kubadilishwa, akaturudishia pesa, akatabasamu. Tukaagiza tena. Alipouliza lile swali, yule mtoto wa miaka saba alituwahi: "Tunakaa!" Tukalipa paundi 3 kwa kila kikombe, tukakaa.

Wapenzi wasomaji, hatusemi mama asibane matumizi. Kubana si dhambi. Siku tukiwa na pesa kidogo tunanunua maziwa baridi na kwenda kweli kuyanywea kwenye bustani, watoto wakikimbia. Au tunatoka nyumbani na chupa ya chai, kwani majani yake hayana kodi na sukari tunaipima wenyewe. Pia tunauliza bei zote mbili kabla ya kuagiza, ili jibu letu lisipotoshwe na mshangao.

Watoto wetu hawatakumbuka kiwango cha kodi. Watakumbuka tulivyojibu tulipoulizwa. Je, wewe mama mwenzetu, wako wamekusikia ukijibu nini wiki hii?