Kutunga ni Kazi ya Mikono

Walimu na wanafunzi wa shule za sekondari hutuuliza mara kwa mara swali moja: mtunzi hupata wapi maneno yake? Wengi huuliza wakidhani kwamba jibu li mbali. Wapo wanaoamini kuwa mshairi huteremshiwa beti usingizini, na wapo wanaoamini kuwa utunzi ni tunu ya watu wa mijini, walio karibu na maktaba na mitambo ya kupigia chapa. Kama ndivyo, basi kijana wa Wampembe hana fungu katika fasihi ya taifa lake. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo. Katika insha hii twakusudia kuonyesha kwamba chemchemi ya utunzi ni kazi ifanywayo kwa mikono na kutazamwa kwa makini. Na kwamba kazi hiyo nayo, isipopata mtu wa kuiandika, huzikwa pamoja na fundi wake.

Tuanze na neno lenyewe. Kutunga si neno la washairi peke yao. Shanga hutungwa katika uzi, na samaki hutungwa katika ukindu wakawa mtungo mmoja, rahisi kubebwa hadi nyumbani. Mshairi alilikuta neno hili mikononi mwa watu wa kazi, akaliazima. Hata maneno ya darasani yana asili hiyo. Mwalimu anapofundisha msuko wa hadithi, anatumia neno la mwenye kusuka ukili na mikeka. Anapofundisha muundo wa shairi, anatumia neno la wenye kuunda vyombo vya majini. Lugha yetu, kwa hiyo, imekwisha kulijibu lile swali kabla yetu: aliyetunga kwanza alikuwa fundi.

Wampembe ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Kijiji hicho kiko Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Atokaye Namanyere huteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa zenye baridi, akafika katika joto la pwani ya ziwa ambalo vilindi vyake hushuka karibu mita 1,470. Watu wa pwani hiyo huishi kwa muhogo na kwa uvuvi. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huingia ziwani na taa, zamani za karabai na siku hizi za betri, wakawavuta dagaa kwa mwanga. Mwezi unapong'aa, taa hazina kazi, na wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu. Tulipokuwa huko kikazi tulizoea kuketi nao nyakati hizo. Hatukwenda kutafuta mashairi. Hata hivyo, tulitambua kwamba mkono wa mshona nyavu huhesabu bila mdomo kuhesabu: hupita, hukaza fundo, hupima tundu kwa kijiti, kisha huanza tena. Mtu aliyezoea mizani nane kwa nane hawezi kuketi karibu na kazi hiyo bila kusikia mshororo.

Lakini kazi ya mikono haidumu kwa kupendeza kwake tu. Historia ya Ufipa yatuonya. Mwaka 1872, miezi michache kabla ya kufa kwake, David Livingstone alipita kando ya ziwa hili akielekea kusini. Aliandika katika shajara zake kwamba pamba ilistawishwa kwa wingi ufukoni, na kwamba watu waliifuma wakapata nguo nzito, vazi la kawaida la wenyeji. Pamba ililimwa, ikachambuliwa, ikasokotwa nyuzi, ukatandazwa mtande, ukapitishwa mshindio, zote kazi za wenyeji wenyewe. Leo, ukimwuliza mwanafunzi wa Ufipa kwamba babu wa babu yake alivaa nini, aghalabu atakujibu kuwa alivaa ngozi. Ufumaji ule umetoweka katika kazi za watu, ukatoweka hata katika kumbukumbu za wajukuu.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo kimo chake kilifikia yapata mita tatu. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Matundu yaliyopangwa chini yake yaliingiza hewa, na urefu wa tanuru ukauvuta moto juu. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo, ambalo hilo lilivuviwa, kisha mhunzi akafua majembe, mashoka na mikuki. Tena mafundi hawa hawakuwa watu wa mikono tu. Katika mila zao ilungu lilihesabiwa kuwa bibi arusi, na kuyeyusha chuma kukahesabiwa kuwa uzazi, kwa hiyo kazi ilikuwa na miiko na nyimbo zake. Ni nani atakayesema kuwa aliyeutazama moto akaona ndani yake arusi na uzazi hakuwa mtunzi?

Katika karne ya 20 nguo za dukani na majembe ya viwandani, yaliyouzwa kwa bei nafuu, yaliizima mioto hiyo. Malungu kadha yamebaki wima porini, nyasi zikiyazunguka. Tunachokijua juu yake tunakijua kwa sababu wachache waliandika. Miongoni mwao ni mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 2010 alitoa kitabu kizima juu ya uhunzi wa Wafipa. Twamshukuru. Hata hivyo, mtafiti hufika mara nyingi wakati moto umekwisha kuzimika, akaokota taka za chuma na kuwauliza wazee wanachokikumbuka. Laiti mtoto mmoja wa mhunzi, katika siku zile, angalikuwa na daftari!

Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kuwaambia walimu. Huko Wampembe tulimfahamu mama mzee mfinyanzi, ambaye mjukuu wake alikuwa akisoma kidato cha pili. Kijana alipewa kazi ya insha, akaja kwetu na malalamiko kuwa hana la kuandika. Tulimwuliza bibi yake hufanya nini. Akajibu, kana kwamba ni jambo dogo, "Anafinyanga vyungu tu." Tukamwambia aandike hivyo vyungu tu.

Bibi hakufurahi mara moja. Tulipokwenda kumwomba ruhusa alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mkiisha kuyaandika, watasoma karatasi, wataacha udongo. Na mimi nitakula nini?" Neno hilo lilikuwa zito, na hatukuwa na haki ya kulipuuza. Ujuzi wake ndio shamba lake. Mtu hawezi kuingia katika shamba la mwenziwe na kuvuna kwa kisingizio cha kuhifadhi utamaduni. Tulikubaliana naye mambo mawili: daftari litakaa nyumbani kwake, na jina lake litaandikwa juu, kabla ya jina la mjukuu. Hapo akaridhia.

Kijana aliandika kurasa mbili. Aliandika kwamba udongo huchimbwa, hutwangwa, huchanganywa na vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke, huumbwa kwa mkono bila gurudumu, hulainishwa kwa gunzi na kokoto, hukaushwa kivulini, kisha huchomwa kwa nyasi na kuni. Alimsomea bibi yake jioni. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema, "Mume wangu, hukuandika mlio." Akachukua chungu, akakigonga kwa kucha, nacho kikalia kama kengele. Akagonga cha pili, kikatoa sauti ya kuziba. Cha pili, alisema, kina ufa usioonekana. Kijana alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu kuzaliwa kwake, na kila siku alikuwa akiisikia sauti ile bila kuisikia. Alirudi kuandika, akasahihishwa tena. Akaandika mara ya tatu, na insha ikapata uhai ambao mwalimu wake hakuwa ameutarajia.

Tazama yaliyotendeka. Kazi ya bibi ilimpa kijana maneno, na maneno yalimrudisha kijana kwenye kazi, akaiona kwa macho mapya. Mwishowe aliomba kufundishwa kufinyanga. Karatasi haikumwondoa katika udongo, bali ilimsogeza. Nasi pia hatukutoka mikono mitupu. Usiku ule, mlio wa kile chungu ukiwa masikioni, tulitunga ubeti huu:

Mfinyanzi mwenye moyo, hujifunza udongoni,
Kazi yake ndiyo hiyo, humfungua machoni,
Nawe usiwe na choyo, iandike kitabuni,
Elimu iondokayo, haiji tena nyumbani.

Ubeti huu hatuutoi ili usifiwe. Twautoa ili mwanafunzi aone kwamba haukuteremka kutoka mawinguni. Ulitoka katika chungu kilichogongwa kwa kucha.

Wala jambo hili si la Wampembe peke yake. Taifa letu lina mifano mikubwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo maskini wenye kazi ya kufinyanga. Alipokuwa akitembeza vyungu vya kuuza, aliwaita wanunuzi kwa kuimba, na sauti yake ikapata mazoezi njiani kabla ya kupata jukwaa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri, na taarabu ya Kiswahili ikasikika mbali. Kabla hajafariki mwaka 1950, Shaaban Robert alimwendea, akamsikiliza, kisha akaandika wasifu wake. Mwimbaji alitoka katika udongo, na mwandishi akamtunza katika karatasi. Bila ya wa kwanza, wa pili asingalikuwa na habari; na bila ya wa pili, mengi ya maisha ya wa kwanza tusingaliyajua.

Tukumbuke pia kwamba Shaaban Robert hakuwa mtu wa kukaa akingojea maneno. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa Serikali, akianzia katika idara ya forodha, na vitabu vyake viliandikwa na mtu mwenye kwenda kazini kila asubuhi. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliyefanya kazi za ualimu, ukarani na uhakimu, aliandika mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, na baadaye akaistawisha sanaa ya ngonjera iliyoimbwa katika shule nyingi nchini. Watu hawa walikuwa na saa zilezile tulizo nazo sisi. Tofauti ni kwamba waliyatazama yaliyowazunguka, wakayaandika.

Pengine mwanafunzi atasema kwamba siku hizi kuna simu ya mkononi, inayonasa sauti na picha, hivyo daftari halihitajiki. Sisi hatuipingi simu. Mlio wa chungu hauandikiki sawasawa kwa herufi, na simu itausaidia. Lakini simu hunasa mlio tu. Haimwulizi bibi kwa nini chungu hiki kimelia na kile hakikulia. Swali hilo ni la mtu, nalo huzaliwa pale mtu anapojaribu kuandika na kuona kwamba kuna kitu hakijui.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa walimu wa lugha, hasa wale walio mbali na miji. Msiwape vijana insha juu ya mambo wasiyoyaona, kisha mkawalaumu kwa kukosa maneno. Mpelekeni mmoja kwa mshona nyavu, mwingine kwa muunda mitumbwi, mwingine kwa msuka vikapu, na mwingine shambani kwa mama alimaye matuta ya mviringo ya Ufipa, ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze na kuwa mbolea. Kuna wazee wa mwambao ambao wangali wanakumbuka jinsi mitumbwi ilivyotoka kuilaki meli ya Liemba, ikipakia na kupakua katika mawimbi, nao wasikilizwe. Kila mwanafunzi aandike kazi moja tu, lakini aiandike mpaka mwenye kazi asomewe na aseme, "Sasa umesema kweli." Mwenye kazi ndiye msahihishaji wa kwanza, na mwalimu ni wa pili. Jina la fundi liandikwe, naye akubali liandikwe. Daftari hizo zitunzwe shuleni, isipokuwa pale mwenye kazi atakapotaka zikae kwake.

Katika daftari hizo, nyingi hazitakuwa na mashairi. Haidhuru. Zitakuwa na maneno halisi ya watu wa kazi, na humo ndimo mshairi wa kesho atakamochota. Yupo mfumaji wa Ufipa aliyetandaza mtande wake wa mwisho, akaukunja, na hakuna aliyekuwapo na kalamu. Mfinyanzi wa Wampembe, tulipoondoka huko, alikuwa angali akifinyanga, na walio kama yeye wako katika kila wilaya ya nchi hii. Kalamu zipo. Tuwaendee tungali tunaweza kuusikia mlio wa vyungu vyao.