"Magari" katika Sikio la Lugulu

Aliyelelewa Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, hahitaji kamusi ili ajue maana ya magari. Huyaona kila siku: matatu, malori ya mahindi, matrekta yenye matela ya miwa. Neno gari lenyewe liliingia katika Kiswahili kutoka Kihindi. Basi mtu huyo akienda kufanya kazi Malindi, mji ambao Waitaliano wengi wamelowea, hukutana na kielezi cha Kiitaliano, magari, ambacho humhadaa kwa sura ya ndugu.

Aghalabu kielezi hiki hufasiriwa kuwa "labda". Fasiri hiyo ina ukweli, lakini nusu tu. Magari torno ni "huenda nikarudi". Magari tornassi ni "laiti ningerudi". Kielezi ni kile kile. Kilichobadilika ni kitenzi, na pamoja nacho tumaini limegeuka kuwa tamanio lisilotarajiwa kutimia.

Ugumu huzidi neno linaposimama peke yake. Chukua mfano wa binti wa Lugulu anayemwuliza rafiki Mwitaliano, siku ya kuagana, iwapo atarudi mwakani. Hujibiwa kwa neno moja: "Magari!" Akisikia "labda", atangoja. Kumbe mwenzake amesema, "Laiti ingewezekana!" Hakuna aliyedanganya; lakini mmoja ataihesabu miezi, na mwingine hakujifunga kwa lolote.

Adabu ya namna hii si ngeni katika mwambao. Inshallah nayo yaweza kuwa ahadi, au kukataa kwa upole. Ila inshallah humwachia Mungu jambo. Magari haimwachii yeyote, hudhihirisha shauku peke yake.

Asili ya kielezi hiki inafaa kuzingatiwa na mfasiri. Kimetokana na neno la Kiyunani makarie, wito kwa aliyebarikiwa. Ni jamaa ya neno ambalo katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, limefasiriwa kwa Kiswahili kuwa "heri". Nayo heri, iliyotoka katika Kiarabu, imepita njia inayofanana: kutoka baraka hadi "heri ningalikaa nyumbani", yaani kauli ya majuto.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Lugulu hana haja ya kulianza neno hili barabarani. Aanze na heri, kisha akisikilize kitenzi kinachofuata; na pasipo kitenzi, aisikilize sauti. Hapo hatamngoja mtu aliyetamani kurudi bila kuahidi.