Jina Langu Juu ya Lake

Rafiki yangu alipofariki aliacha hadithi kumi na moja kwenye seva aliyoikodi mwenyewe. Hakuwa amezichapisha popote. Kodi ya seva ilikuwa inaisha Ijumaa. Alhamisi jioni mkewe akanipigia.

"Shemeji, umezipata?"

"Bado kidogo tu, shemeji."

Nilikuwa namdanganya.

Enzi za uhai wake, marehemu aliuweka ufunguo wangu wa ssh kwenye akaunti yake ili niwe namsomea rasimu. Kwa hiyo ruhusa nilikuwa nayo. Lakini baada ya kubadilisha kompyuta, kila nikijaribu kuingia jibu ni lile lile: ruhusa imekataliwa. Nikakagua faili la ufunguo, liko sawa. Nikazima kompyuta nikaiwasha, kama tufanyavyo sote tukiishiwa akili.

Saa nne usiku nikaongeza -v kwenye amri, ili programu ieleze kila hatua inayopitia. Mistari ikamwagika. Mmoja ukanishtua: ssh ilikuwa inabisha hodi kwa jina langu, si la marehemu.

Nikafungua ~/.ssh/config, faili la mipangilio yangu binafsi. Chini kabisa ipo seva yake, na jina lake liko sahihi. Juu kabisa ipo Host *, yaani seva zote, ikifuatiwa na jina langu. Niliiandika mwenyewe kwa ajili ya seva za kazini, nikasahau. Nilidhani agizo la baadaye hufuta la mwanzo, kama mhariri anavyofuta sentensi zangu. Kumbe sivyo. Ssh husoma kutoka juu kwenda chini, na kwa mipangilio mingi thamani ya kwanza kupatikana ndiyo inayoshika. Ya mtu mmoja ikae juu, ya wote ikae chini.

Nikaihamisha mistari miwili. Nikahakikisha kwa ssh -G, ambayo huonyesha mipangilio itakayotumika bila kuunganisha. Jina lake likatokea.

Hadithi zote zilishuka kabla chai yangu haijapoa. Nikampigia shemeji, hata sikuangalia saa.

"Ile ya mwisho," akauliza, "aliimaliza?"

Nikaifungua. Ilikuwa imekatika katikati ya sentensi.

Safari hii sikumdanganya.